ALAMA ZA MWITO ZA REDIO YA RIDHAA: ORODHA ZA MTANDAONI SI LESENI

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba orodha za alama za mwito zinazopatikana katika mtandao wa intaneti zina manufaa yake, lakini hazina nguvu ya hati ya Serikali. Makala haya yanaeleza orodha hizo zinatoka wapi, kwa nini hukosea, na jambo gani la kufanya pale sheha, afisa wa forodha au mtumishi wa bandari anapoletewa karatasi iliyochapwa kutoka mtandaoni na kuambiwa kuwa ndiyo kibali.

Alama ya mwito ni nini

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio yafanywayo na watu binafsi kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kujenga urafiki, pasipo malipo wala biashara. Kila kituo hutambulishwa kwa alama ya mwito, ambayo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Herufi na tarakimu za mwanzo hugawiwa nchi na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Fungu la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania linaanzia 5HA hadi 5IZ, la Kenya 5YA hadi 5ZZ, na la Uganda 5XA hadi 5XZ. Sehemu inayofuata hupangwa na nchi yenyewe.

Kabla ya uhuru mambo yalikuwa mengine. Zanzibar ilitumia VQ1, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, VQ1 iliondoka na desturi ikawa kuitambua Zanzibar kwa 5H1. Ifahamike hata hivyo kwamba hiyo ni desturi ya mgawo wa ndani. ITU haiitambui Zanzibar kwa tarakimu 1. Inachokitambua ni fungu la Tanzania. Kwa hiyo mtu asihukumu kituo kiko wapi kwa kuitazama tarakimu peke yake.

Orodha zilianzaje

Kwa miaka mingi alama hizi zilikusanywa katika vitabu vinene vilivyochapishwa Marekani, na wapenzi wa redio duniani kote walivitumia kutafuta anwani za kupeleka kadi za kuthibitisha mawasiliano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vitabu hivyo vya karatasi vilikoma, na nafasi yake ikashikwa na orodha za kompyuta. Iliyo mashuhuri zaidi ni QRZ.com, iliyoanza mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1990.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa upande wa Marekani, orodha hizi huchota habari kutoka kwenye kumbukumbu za tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ambayo huzitoa hadharani leseni zake zote, zaidi ya laki saba kwa idadi. Leseni ikitolewa, ikibadilishwa au ikifutwa, orodha nayo hufuata. Kwa sehemu kubwa ya dunia, kwetu tukiwemo, mwenye alama hujiandikisha mwenyewe kwa hiari yake, na huandika atakacho. Hivyo kurasa mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa na mizizi tofauti kabisa: moja imetokana na kumbukumbu ya serikali, nyingine imetokana na kauli ya mtu.

Kasoro za aina tatu

Ya kwanza ni upungufu. Asiyejiandikisha haonekani. Mkaazi wa Chake Chake mwenye leseni halali anaweza asiwemo katika orodha hata moja. Kumwita mvunja sheria kwa sababu hiyo ni kumdhulumu.

Ya pili ni uchakavu. Mgeni hupewa leseni ya muda, hufanya mawasiliano yake kwa wiki mbili ufukweni, kisha hurudi kwao. Leseni yake hukoma, lakini jina na picha yake hubaki mtandaoni miaka na miaka kana kwamba bado yuko Unguja. Anwani nazo huchakaa bila ya mtu kuhama. Mkaazi wa Kimali aliyejiandikisha mwaka 2010 angeandika kuwa yuko Mkoa wa Shinyanga, na angekuwa sahihi. Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Simiyu, makao yake makuu Bariadi, na tangu hapo andiko lile ni kosa ingawa mwenyewe hajainua mguu. Kwetu pia, aliyeandika Wilaya ya Magharibi tu hatuelezi leo kama yuko Magharibi A au Magharibi B. Baada ya Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, maandiko mengi ya zamani yanahitaji kutazamwa upya.

Ya tatu ni kuchanganya mahali. Wapenzi wa redio hutumia miraba ya ramani iliyopewa herufi na tarakimu, kila mraba ukiwa na upana wa nyuzi mbili za longitudo na urefu wa uzi mmoja wa latitudo. Mji wa Zanzibar na Dar es Salaam zote zimo ndani ya mraba mmoja, KI93. Wakati huohuo mstari wa nyuzi 6 kusini unakikata kisiwa cha Unguja, kwa hiyo Nungwi imeangukia mraba mwingine, KI94. Anayetegemea mraba huo peke yake ataiweka Mjini pamoja na Dar es Salaam na kuitenga na Nungwi.

Jambo hili lina uzito kwetu sisi watu wa visiwa. Katika mpango wa dunia wa mawasiliano ya visiwa, ulioanzishwa mwaka 1964, Unguja ina namba yake, AF-032. Na katika orodha ya nchi inayotunzwa na chama cha wapenzi wa redio cha Marekani, Zanzibar ilihesabiwa peke yake kwa mawasiliano yaliyofanywa hadi tarehe 31 Mei 1974. Baada ya hapo huhesabiwa ndani ya Tanzania. Kituo cha Unguja kikiandikwa Dar es Salaam, kisiwa kinapoteza haki yake katika kumbukumbu za dunia.

Madhara yake

Wapo watakaosema kwamba kadi ikipotea njiani hapana kubwa lililoharibika. Lakini orodha hizi hutazamwa pia na wenye kupanga mawasiliano ya akiba kwa ajili ya maafa. Visiwani hatujasahau Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, wala Julai 2012, ilipozama MV Skagit. Anayepanga akiba kwa kuhesabu majina ya mtandaoni atajiona ana vituo vingi, na siku ya haja atawaita watu walioondoka zamani. Wenye vyombo vya baharini wazingatie kwamba mwito wa dharura baharini hupigwa katika chaneli 16 ya VHF, wala si katika mawimbi ya redio ya ridhaa.

Madhara mengine yako mezani kwa mtumishi. Alama ya mtu mwingine inaweza kunakiliwa na asiye na haki nayo, akaja nayo kuomba kusimamisha mlingoti au kutoa mitambo bandarini. Karatasi ya mtandaoni itaonyesha kwamba alama ipo. Haitaonyesha kwamba aliyesimama mbele yako ndiye mwenyewe, wala kwamba leseni yake ingali hai.

Yanayoshauriwa

(a) Leseni za redio ya ridhaa kwa Tanzania nzima hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tume ya Utangazaji Zanzibar inahusika na utangazaji, na mambo haya mawili yasichanganywe.

(b) Mtumishi aombe leseni yenyewe pamoja na kitambulisho, asome jina na tarehe ya mwisho, na akiwa na shaka aulize kwa Mamlaka iliyoitoa. Asikubali wala asikatae kwa sababu ya orodha ya mtandaoni peke yake.

(c) Mwenye alama ya mwito aipitie habari yake kila anapohuisha leseni au anapohama, na aandike kisiwa, mkoa na wilaya waziwazi. Si lazima aweke anwani ya nyumba yake. Sanduku la Posta linatosha kupokelea kadi.

(d) Anayeondoka nchini aandike mwenyewe kwamba kituo kimefungwa, na tarehe ya kufungwa.

Orodha za mtandaoni zitumike kama vile mtu amuulizavyo mpita njia: atakuonyesha mtaa, lakini mlango utabisha mwenyewe. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngamani mwa jambo hili ni daftari la aliyetoa leseni.