Kifundo cha mkono kikiuma, msikikande

Kalemie watu wanaishi kwa mikono: wavuvi wanavuta nyavu usiku ziwani Tanganyika, wapagazi wanabeba magunia bandarini, vijana wa pikipiki wanashinda na usukani. Pikipiki ikiteleza kwenye tope, mtu hujikinga kwa kiganja, na uzito wa mwili wote unaishia kwenye kifundo cha mkono.

Kuna mvunjiko unaoonekana wazi. Mwaka 1814 daktari Abraham Colles wa Dublin aliueleza, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa: mfupa wa kigasha, upande wa kidole gumba, umekatika karibu na kifundo, na mkono umepinda kama uma. Huo hata jirani atauona, na mgonjwa atapelekwa hospitali.

Ninaouogopa ni ule uliojificha. Kifundo kina vifupa vinane, na kinachovunjika zaidi ni skafoidi, chini ya kidole gumba. Mkono haupindi, uvimbe ni mdogo, vidole vinacheza. Nyumbani wanasema umeteguka tu, anaitwa mkandaji. Sasa nyoosha kidole gumba juu: penye shina lake kinatokea kishimo. Ukibonyeza hapo na pakauma sana, chukulia kwamba mfupa umevunjika. Damu ya kifupa hicho huingilia zaidi upande wa vidole. Kikikatika, kipande cha upande wa kigasha hukosa damu na chaweza kufa. Kukanda kunavisogeza vipande vinavyotakiwa kutulia.

Tena picha ya kwanza ya eksirei yaweza kuwa safi ilhali ufa upo. Daktari makini huufunga mkono hata hivyo, akarudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Najua gharama ya picha mbili inamlemea mpagazi, lakini mkono usioweza tena kushika gunia utamgharimu zaidi. Mvunjiko wa Colles hukaa kwenye jasi wiki 6 hivi. Skafoidi yaweza kufika 12 au kupita. Vipande vilivyoachana huenda vikahitaji upasuaji.

Kabla ya kutoka nyumbani, vua pete na bangili, laza kigasha juu ya katoni, funga kwa kitenge bila kukaza. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au kubadilika rangi, fungo limebana, liwe la nyumbani, la fundi wa mifupa au la hospitali: lilegezwe saa hiyo hiyo, na mwenye jasi arudi hospitali bila kungoja asubuhi.

Ndugu zangu wa Kalemie, aliyeangukia kiganja na kuumwa kwenye kishimo hicho asikandwe. Aonwe kwanza na daktari.