Soma Mikono Kwanza: Utangulizi wa Malezi ya Mapema ya Mtoto Asiyeona

Mtoto anayeona, akifikisha miezi minne au mitano, huanza kunyoosha mkono ashike kilicho mbele yake. Ni jambo la kila siku, hakuna anayelipigia vigelegele. Ila wewe unayeingia katika taaluma hii, anzia hapo. Maswali yetu mengi yamezaliwa na mkono huo.

Wengi huamini kwamba asiyeona amefidiwa kwa masikio makali: tikisa kayamba, naye ataufuata mlio. Selma Fraiberg, mtaalamu wa saikolojia ya watoto wa Marekani, aligundua vingine. Aliwafuatilia watoto kumi waliozaliwa bila kuona, akiwatembelea majumbani tangu wakiwa wachanga, na mwaka 1977 akayaandika aliyoyaona katika kitabu chake Insights from the Blind. Mtoto wa miezi sita anachezea kengele. Unaichukua, unaipiga hapo hapo karibu naye, wala hanyooshi mkono. Masikio yake ni mazima na mlio ameusikia, lakini kwake ni mlio tu, hauna kitu nyuma yake. Kutambua kwamba panapolia pana kitu cha kushika huja katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, na kwa wengine karibu na mwisho wake.

Kutambaa nako kunasubiri hapo. Watoto wale walikaa vizuri, wakajiinua kwa mikono na magoti, mwili ukawa tayari kabisa, lakini hawakusogea. Wangekwenda wapi, ikiwa mbele yao hapakuwa na kitu wanachojua kipo? Walipoanza kuufuata mlio kwa mkono ndipo walipoanza kutambaa. Kwa hiyo ukiletewa mtoto wa mwaka mmoja asiyeona ambaye hatambai, usikimbilie kulaumu miguu yake, na akili yake usiiguse kabisa. Uliza kwanza mikono inafanya nini.

Mara nyingi utaikuta imekunjwa, imeinuliwa usawa wa mabega. Macho ndiyo yanayoikutanisha mikono ya mtoto mwingine kifuani, kwa sababu anaitazama ikicheza. Huyu wa kwetu anahitaji michezo ya kuikutanisha: makofi ya kuimbiwa, chupa ya kushikwa kwa mikono miwili, kitu kinacholia na kushikika kwa wakati mmoja. Na usimkamate mkono ukamsukumizia vitu. Weka mkono wako chini ya wake, aupande mwenyewe akitaka.

Jambo linalowaumiza zaidi wazazi ni uso. Mama anamwita mwanawe, na badala ya kuchangamka mtoto ananyamaza, anatulia tuli, uso hauelekei kokote. Mama anaona amekataliwa. Kumbe mtoto ametulia ili asikie! Vidole vyake huenda wakati huo huo vinachezacheza, na furaha iko humo. Nimeona kwamba mzazi akishafundishwa kutazama vidole badala ya macho, mazungumzo kati yake na mtoto hufunguka. Na kama redio inanguruma sebuleni tangu alfajiri, izimeni. Sauti za nyumba ndizo ramani yake.

Lilli Nielsen wa Denmark aliliendea suala hili kwa njia yake. Alibuni kijumba kidogo, sanduku la kumlaza mtoto ndani, vitu vikiwa vimening'inizwa juu na pembeni, kila kimoja mahali pake pa jana. Mtoto anapunga mkono, anagonga, anasikia, anarudia. Polepole anajua kwamba yeye ndiye aliyekiliza. Huhitaji sanduku la Denmark. Mkeka, sufuria, upawa, kifuu na rundo la funguo, vikirudishwa palepale kila siku, vinafanya kazi ile ile, na kwa maoni yangu vinawashinda wanasesere wa plastiki, ambao mguso wao ni mmoja tu.

Kabla ya yote haya, hospitali. Mboni inayong'aa weupe ni jambo la kukimbizwa siku hiyo hiyo: huenda ni mtoto wa jicho, ambaye kumwondoa mapema huokoa uwezo wa kuona, au ni saratani ya jicho, ambayo huua. Elimu yetu haichukui nafasi ya daktari.

Shule za wasioona, kama Buigiri ya Dodoma, humpokea mtoto akiwa na umri wa kwenda shule. Miaka niliyoizungumzia imekwishapita wakati huo, nayo hupitia mikononi mwa mama, bibi na dada. Ndiyo maana nakutaka utafiti wako uanzie uani. Fraiberg alifanya kazi katika nyumba za Marekani, ambako mtoto hulazwa kitandani peke yake kwa muda mrefu. Wa kwetu hubebwa mgongoni. Ndani ya mbeleko anapata mengi: mwendo, mageuko, mtetemo wa kinu, sauti ya mama ikipita mfupa hadi mfupa. Lakini mikono yake imefungwa. Je, anayebebwa hivyo huujua mlio wenye kitu mapema zaidi kuliko watoto wa Fraiberg, au huchelewa zaidi? Na ashushwe mkekani lini, kwa muda gani? Majibu hayo yatafutwe na mtu aliye tayari kukaa chini na familia, mwezi baada ya mwezi, kama Fraiberg alivyokaa na zake.