Tarime na Serengeti: Idadi ya Watu na Mistari ya Mipaka (Sehemu ya Pili)

Anayelinganisha sensa mbili za Wilaya ya Tarime anaweza kushtuka. Mwaka 2002 walihesabiwa watu 492,798. Miaka kumi baadaye wakawa 339,693. Si njaa wala vita iliyowapunguza watu laki moja na nusu: mwaka 2007 Rorya, upande wa Ziwa Victoria wanakoishi Wajaluo wengi, ilimegwa ikawa wilaya. Ukijumlisha watu 265,241 waliohesabiwa Rorya mwaka 2012, unapata 604,934. Kumbe wameongezeka kwa zaidi ya laki moja.

Naanza na hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu historia ya watu wa huku haieleweki mpaka uulize kwanza nani alichora mpaka. Ule mkubwa ulichorwa mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana mstari utoke pwani, uzunguke Kilimanjaro, uishie ziwani kwenye digrii 1 kusini mwa Ikweta. Wakurya, wenyeji wa pande zote mbili za mstari huo, hawakuulizwa. Koo zao za Wairege na Wanyabasi zikajikuta wengine huku, wengine Kenya. Hadi leo watu wa Sirari, upande wa Tanzania, na Isebania, upande wa Kenya, wanaoana, wanazikana, na ng'ombe wa mahari wanavuka pande zote mbili.

Nyanda za juu za Tarime zina rutuba: kahawa, ndizi na mahindi vinastawi. Lakini shamba la baba likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, linabaki kipande. Wengi wakatafuta ardhi ng'ambo ya Mto Mara, kuelekea Mugumu, katika Wilaya ya Serengeti. Hawakukuta nchi tupu. Waikoma, Wanata na Wangoreme walikuwa wakilima mtama na ulezi huko kwa vizazi vingi, na kuwinda pia.

Bahati mbaya, ardhi hiyo nayo ilikuwa ikipungua. Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na mtu aliyemfuata nyumbu kama babu yake alivyomfuata akaitwa jangili. Sioni namna ya kuieleza historia ya Mugumu bila kulitaja jambo hilo wazi. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu waliokaa mbalimbali, kila ukoo kwenye mashamba yake, wakapangwa kando ya barabara. Katika miaka ya 1990 Ikorongo na Grumeti yakawa mapori ya akiba.

Hata hivyo watu waliendelea kuja. Wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, ilikuwa na watu 176,609 mwaka 2002. Mwaka 2012 walifika 249,420. Hilo ni ongezeko la asilimia 41, wakati Tarime na Rorya kwa pamoja ziliongezeka kwa asilimia 23 hivi. Si kwamba wanawake wa Tarime wanazaa nusu tu ya wenzao wa Serengeti. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, inatokana zaidi na wahamiaji wanaotafuta shamba, na sasa mashamba yao yamefika ukingoni mwa mapori. Mahindi yakikaribia kukomaa, tembo huingia usiku, na familia hukesha zikigonga madebe.

Wiki ijayo tutafika Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2002, katika ardhi ambayo wachimbaji wadogo walikuwa tayari wanachimba, na leseni ikaleta mpaka mwingine.