Mtoto Akileta Nyoka Mchanga Nyumbani

Tuseme ni Jumapili alasiri, nawe umepumzika barazani kwako Pasua au Kiborloni. Mwanao anarudi kutoka kihambani kwa babu yake, na mkononi ana kopo la maziwa lililotobolewa matundu juu. Ndani mna nyoka wa rangi ya hudhurungi, mwenye mabaka hafifu, asiyepita shubiri moja. "Baba, huyu hana sumu. Naomba nimfuge." Utamjibu nini?

Wazazi wengi watajibu kwa jembe. Nyoka atauawa, mtoto atachapwa, na shauri litakuwa limekwisha. Lakini mtoto huyo hakulibuni jambo hilo kichwani mwake. Pengine shule yake iliwahi kumpeleka kwenye bustani ya nyoka ya Meserani, iliyoanzishwa mwaka 1993 kilomita 25 hivi kutoka Arusha mjini, akaona wageni wakivishwa shingoni nyoka asiye na sumu. Au ameona katika simu jinsi watoto wa Ulaya na Marekani wanavyofuga nyoka ndani ya masanduku ya kioo. Tena miongoni mwa wanaofugwa huko yumo nyoka wetu wa nyumbani, yule wa hudhurungi mwenye mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, atokaye usiku kuwinda panya, ambaye kwa kweli hana sumu ya kumdhuru mtu. Kwa hiyo mtoto anastahili jibu, si kiboko.

Na jibu hilo yafaa tulitafute kwa wafugaji wenyewe. Mtu ajuaye kufuga nyoka hamshiki ovyo. Nyoka mchanga aliyehamishiwa makao mapya huachwa wiki nzima bila kuguswa, mpaka ale mara mbili tatu kwa utulivu. Kinda hula kila baada ya siku tano hadi saba, na akishameza panya hashikwi kwa siku mbili, maana akitikiswa huku chakula ki tumboni hukitapika, na kutapika humdhoofisha sana kiumbe mdogo kama huyo. Macho yakigeuka rangi ya maziwa, anakaribia kujivua gamba. Haoni sawasawa, hushtuka upesi, basi huachwa tena mpaka amalize. Nao wachanga hujivua mara nyingi kwa kuwa wanakua haraka. Ukipiga hesabu utaona siku zinazobaki ni chache: mara moja au mbili kwa wiki, kila mara dakika tano au kumi tu.

Mkono humjia kutoka ubavuni, si kutoka juu, kwani juu ndiko anakotokea mwewe. Mwili wote hubebwa. Habanwi shingo wala havutwi mkia. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumshika, isije ikanuka panya, na baadaye pia, kwa sababu nyoka huweza kubeba vijidudu vya salmonela viletavyo homa na kuhara, hasa kwa watoto wadogo. Na baada ya taabu yote hiyo nyoka hampendi bwana wake kama mbwa apendavyo. Huzoea tu kutomwogopa. Mimi binafsi sioni raha yake, lakini kila mtu na apendacho.

Hayo yote ni kwa nyoka anayejulikana jina lake na mahali alikozaliwa. Huyu wa koponi hajulikani. Watu wengi hudhani kwamba nyoka akiwa mdogo sumu yake bado. Sivyo hata kidogo. Moma huzaa watoto walio hai, ishirini, thelathini au hata zaidi kwa mara moja, na kila mmoja ana meno na sumu yake tangu saa ya kuzaliwa. Tena kwa mabaka yake, asiyezoea humdhania kuwa chatu mchanga.

Hata mabingwa hukosea. Mwezi Septemba 1957, huko Chicago, Marekani, mtaalamu mashuhuri wa nyoka Karl Schmidt aliletewa nyoka mchanga kutoka Afrika ili amtambue. Alikuwa boomslang, nyoka wa mitini apatikanaye hata hapa kwetu Kilimanjaro. Schmidt alimshika mbali kidogo na kichwa, akaumwa kidole gumba kwa jino moja. Hakwenda hospitali. Alikaa akiandika yale aliyoyasikia mwilini mwake, na kesho yake alasiri akafariki.

Isitoshe, Sheria ya Hifadhi ya Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata mnyamapori na kumweka nyumbani bila kibali.

Basi turudi barazani. Usilifungue kopo kuwaonyesha majirani. Lifunike, uliweke kivulini mbali na watoto, uwaarifu maofisa wa wanyamapori. Kagua vidole vya mwanao kwa upole, kwani jino la kinda huacha alama ndogo kama ya mwiba, na mtoto aogopaye kuchapwa huificha. Ukiiona, usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mkono utulizwe usitikisike, naye apelekwe Mawenzi au KCMC papo hapo. Akiwa mzima, muulize alimwokota wapi, kisha umpigie babu simu asiwatume wajukuu wengine kukata majani ya ng'ombe mahali hapo. Kama huyo wa koponi ni moma, hakuzaliwa peke yake.