Kusomeshwa si kuandikiwa: Msaada umfaao mwanafunzi wa uzamili wa uchumi

MSOMAJI mmoja wa safu hii, mwalimu wa shule ya upili anayesomea shahada ya uzamili ya uchumi jioni baada ya kazi, ameniletea swali zito. Anasema: “Mwalimu, hesabu za mwaka huu wa kwanza zimenilemea kabisa. Nikitafuta mtu wa kunisomesha, wengi wananiambia, ‘Wee leta hiyo kazi, enda ulale, asubuhi utaipata ikiwa tayari.’ Kwani hiyo nayo si tuisheni?”

Jibu fupi ni kwamba si tuisheni. Jibu refu limo katika vitenzi vyetu wenyewe.

Tuchukue kitenzi ‘soma’. Tukikiongezea kiambishi cha usababishi tunapata ‘somesha’, na katika kauli ya kutendwa tunapata ‘someshwa’. Anayesomeshwa ana mtu anayemwezesha au kumsukuma, lakini msomaji bado ni yeye. Hata tunaposema, kama tusemavyo Kenya, kwamba mjomba alimsomesha fulani, yaani alimlipia karo, hatuna maana kwamba mjomba ndiye aliyeketi darasani.

Sasa tutazame ‘andika’, ‘andikia’ na ‘andikiwa’. Hapa mambo yanageuka. Anayeandikiwa hakushika kalamu. Mtenda ni mwingine. Yeye ni mpokeaji tu. Tofauti ya usababishi na utendea, ambayo wanafunzi huikariri ili wapite mtihani, ndiyo mpaka kati ya msaada wa masomo na udanganyifu.

Mpaka huo una uzito hapa kwetu. Si siri kwamba nchini kuna vijana werevu wanaojipatia riziki kwa kuandika kazi za wanafunzi wa ng’ambo na, siku hizi, za wanafunzi wa papa hapa. Katika kikao kimoja cha utetezi wa tasnifu nilichohudhuria kama mwakilishi kutoka kitivo kingine, mtahiniwa aliulizwa swali jepesi: “Mbona ulitumia logi ya mapato badala ya mapato yenyewe?” Alinyamaza. Akafungua kurasa, akazifunga. Hakuwa mjinga, aliyelijua jibu hakuwemo ukumbini, basi. Ada alizolipa na miaka aliyoitumia ilisimama hapo.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mwanafunzi bila kueleza kinachomsukuma. Uchumi wa shahada ya kwanza hutumia michoro na maelezo. Ule wa uzamili hugeuka ghafla kuwa hisabati. Mwanafunzi hukabiliwa na nguzo tatu kwa pamoja: uchumi wa mtu na kampuni, uchumi wa taifa zima, na ekonometriki, yaani takwimu za kupimia madai ya uchumi. Aliyeacha kalkulasi miaka sita iliyopita akaenda kufundisha au kufanya kazi benki huhisi ametupwa kilindini.

Kuna kizingiti cha pili ambacho wengi hawakioni, nacho ni lugha. Vitabu ni vya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kimejificha nyuma ya herufi za Kigiriki. Nimewauliza wanafunzi kadhaa wanieleze kwa Kiswahili mlinganyo waliotoka kuukokotoa. Hapo ndipo hujulikana nani ameelewa na nani amekariri.

Mathalan, kuna mbinu iliyopewa jina la Lagrange, mwanahisabati wa karne ya 18. Katika mbinu hiyo hutokea herufi iitwayo lamda. Mwanafunzi huikokotoa vizuri, lakini ukimwuliza ni nini, anakwambia, “Ni lamda tu.” Hebu tuipeleke sokoni. Mama ana Sh1,000 za kununulia unga na sukuma wiki. Tuseme shilingi moja zaidi ya unga ingemwongezea nafuu ya vipimo vitatu, na shilingi moja zaidi ya sukuma ingemwongezea vitano. Bila shaka atahamisha pesa kutoka kwenye unga hadi kwenye sukuma. Ataendelea kuhamisha hadi shilingi ya mwisho ya huku ilete nafuu sawa na shilingi ya mwisho ya kule. Nafuu hiyo ya shilingi ya mwisho ndiyo lamda. Inamweleza mama huyo jinsi hali yake ingeboreka kama angeongezewa shilingi moja. Mama mboga yeyote analijua jambo hilo. Asichokijua ni alama yake tu.

Au tuchukue tatizo linalowatesa wengi katika ekonometriki. Mtafiti anagundua kwamba wakulima wanaotumia mbolea nyingi huvuna mahindi mengi. Je, mbolea ndiyo iliyoleta mavuno yote hayo? Pole pole! Huenda wanaonunua mbolea nyingi ni wale wenye pesa, mbegu bora na mashamba yenye rutuba. Basi ukiwalinganisha na wengine, unapima mbolea pamoja na utajiri, na huwezi kuvitenganisha. Dawa yake ni kutafuta kitu kinachomfanya mkulima atumie mbolea, lakini kisichogusa mavuno kwa njia nyingine yoyote. Vocha za mbolea zilizogawanywa kwa kura zaweza kuwa kitu hicho, maana kura haimjui tajiri wala maskini. Mantiki hii ya kura ndiyo iliyotumiwa katika utafiti wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo kule Busia, ambapo shule ziligawanywa katika makundi. Edward Miguel na Michael Kremer waliuchapisha mwaka wa 2004, na Kremer akawa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Kumbe mifano mingine ya darasa hilo gumu ilitoka magharibi mwa Kenya!

Je, msomaji wangu atafute msaada wapi? Aanzie kwa mhadhiri wake, katika zile saa alizotenga za kuonana na wanafunzi. Wengi huziogopa saa hizo, na kuuliza si ujinga. Pili, awatafute wanafunzi wa uzamifu wa idara yake. Waliyavuka maji hayo majuzi na wanakumbuka palipo na miamba. Tatu, kuna vifaa vya bure. Chuo cha MIT cha Marekani kimeweka mtandaoni notisi na mitihani ya kozi zake nyingi, na hakidai malipo.

Nne ni kile ambacho kitenzi chetu hukiita ‘kusomeshana’. Watu watatu au wanne wakutane kila wiki, kila mmoja akiwa amejaribu maswali peke yake kwanza, kisha wapokezane kueleza ubaoni. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika wenye makao yake Nairobi, AERC, ulianzisha mpango wa pamoja wa uzamili mwaka wa 1993, na umekuwa ukiwakutanisha wanafunzi wa vyuo vya nchi mbalimbali kwa masomo ya kuchagua. Ushirika kama huo hauhitaji bajeti kubwa ukifanywa na watu wanne.

Akiamua kumlipa mkufunzi, ampime kwanza. Ampe swali moja, amtazame akilifanya mbele yake, na kila hatua amwulize, “Hapa umechukulia nini?” Mkufunzi wa kweli atajibu, kisha atamrudishia kalamu. Aidha, mwanafunzi asiende mikono mitupu akisema, “Sielewi chochote.” Aende na jaribio lake, aonyeshe mstari alipokwama. Saa moja juu ya mstari mmoja ina faida kuliko saa tano za kutazama mtu mwingine akikokotoa.

Baadaye, pasipo mkufunzi wala daftari, alifanye swali lilo hilo upya na kulieleza kwa lugha anayoota nayo. Neno la Kiswahili lisipopatikana, asitishike. Aeleze jambo lenyewe, jina litafuata. Ugavi, ruzuku, riba na mfumuko wa bei ni maneno ambayo leo husikika hata ndani ya matatu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo kwa watoto wetu, na huenda ndiyo maana neno lenyewe lina harufu mbaya. Sheria hiyo haimhusu mtu mzima wa uzamili. Kutafuta msaada si aibu kwake. Ila wahenga walisema mbebwa hujikaza.