Betri Mpya, Redio Bubu: Usibahatishe Namba ya Siri

Tuseme ni Jumapili. Wewe na wasee wako mmetoka Nairobi hadi Kariandusi, pale ukishapita Gilgil, kuona shoka za mawe kwenye eneo la kale ambalo Louis Leakey aligundua mwaka wa 1928. Mmepiga picha, mmetazama Ziwa Elementaita kwa mbali, njaa imeanza kuuma. Mnarudi kwenye gari na kukuta taa ziliachwa zikiwaka. Betri imekufa kabisa.

Dereva mmoja mwema anawaunganishia waya za jampa, injini inanguruma, mnashangilia. Halafu mmoja wenu anawasha redio ili mpate ngoma za kuwasindikiza hadi Kikopey kula nyama choma. Skrini inaandika neno moja tu: SAFE. Ukibonyeza hapa, kimya. Ukibonyeza pale, kimya.

Kama unaendesha Volkswagen ya zamani, hiyo noma unaijua. Kwenye Honda za miaka ile utaona neno CODE. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani utakutana na maandishi ya Kijapani na herufi ERC. Ujumbe ni ule ule: redio imepoteza umeme, sasa inataka namba ya siri kabla ya kuimba tena.

Hapa ndipo watu wengi huanza kumwaga pesa. Fundi wa kwanza anakwambia redio imeungua, nunua nyingine. Wa pili anataka hela ya "kuflashi" bila kukueleza atafanya nini. Wa tatu anabonyeza namba ovyo hadi redio inagoma kabisa. Ilhali mara nyingi hakuna kilichoharibika. Redio inafanya kazi iliyoundiwa, na namba yake haijapotea popote. Iko mahali fulani, na ukifuata njia kwa mpangilio utaipata bila kuibiwa mchana.

Kwa nini inajifunga?

Miaka ya 1980 na 1990 redio ya gari ilikuwa dili kubwa kwa wezi. Walivunja kioo, wakaichomoa kwa dakika chache, kisha wakaiuza mtaani. Watengenezaji wa magari wakaja na jibu: redio ikikatwa umeme, ikirudishiwa iulize namba. Mwizi anabaki na sanduku lisilosema kitu.

Shida ni kwamba redio haiwezi kutofautisha mwizi na fundi anayekubadilishia betri. Yenyewe inajua kitu kimoja tu, kwamba umeme ulikatika. Ndiyo maana inaweza kufungika betri ikiisha kabisa, ukifungua waya wa betri, au hata fyuzi ya redio ikiungua.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi: namba ya siri ni ya redio, si ya gari. Kama mwenye gari wa kwanza alitoa redio ya kampuni na kuweka nyingine aliyonunua kwa spea, rekodi za gari lako hazitakusaidia. Unachofuatilia ni ile redio iliyo mbele yako, haijalishi gari limepitia mikono ya nani.

Kuna afueni kidogo kwa Volkswagen zilizokuja baadaye. Redio zake zinatambuana na gari, kwa hivyo ukibadilisha betri tu hazikusumbui. Zinauliza namba pale zinapohamishiwa gari jingine.

Anza na kisicho na gharama

Kabla hujamlipa mtu yeyote, pekua gari. Namba mara nyingi iliandikwa kwenye kadi ndogo iliyokuja na kitabu cha mwongozo. Fungua kitabu ukurasa kwa ukurasa, maana wenye magari wengi waliiandika kwa kalamu kwenye jalada la ndani. Toa kila kitu kwenye droo ya dashibodi na uangalie kuta zake, kwani kwa baadhi ya magari kibandiko chenye namba kiko hapo. Kuna Honda ambazo kibandiko kilifichwa hata ndani ya kisahani cha majivu ya sigara.

Hakuna kitu? Mpigie aliyekuuzia. Ndiyo, najua mliagana zamani na labda bado mnavutana kuhusu ile gia. Mpigie tu. Ujumbe mfupi wa heshima unaweza kukuokolea maelfu. Kama ulinunua kwenye yadi, waulize kama mwenye gari wa awali aliacha bahasha ya makaratasi. Wauzaji wengi huzitupa kwenye droo wakasahau.

Ukikosa hapo, tafuta namba ya utambulisho ya redio. Hii si namba ya siri yenyewe, bali ndiyo inayotumika kuitafuta. Kwa Honda nyingi huhitaji hata bisibisi: zima redio, geuza ufunguo hadi mahali pa kuwashia vifaa bila injini, kisha shikilia kitufe namba 1 na namba 6 kwa pamoja huku ukiiwasha. Skrini itakuonyesha namba hiyo. Iandike au uipige picha.

Kwa Volkswagen za zamani itabidi redio itoke. Angalia pembeni mwa uso wake, utaona vitundu vidogo. Vile vinaingizwa vyuma vyembamba maalum, vinafungua kufuli za ndani, redio inavutika nje. Usiichokonoe kwa kisu cha jikoni, utapasua plastiki na bado haitatoka. Fundi wa redio za gari ana vyuma hivyo na kazi yenyewe haichukui muda. Kwenye bati la redio kuna kibandiko. Kwa zile zilizotengenezwa na Blaupunkt, namba huanza na herufi VWZ. Piga picha iliyo wazi, usikariri.

Ukiwa na namba hiyo, nenda kwa wakala rasmi wa aina ya gari lako. Beba kitambulisho na logibuku yenye jina lako. Wakala makini atakuomba hivyo vyote, na usikasirike. Maswali hayo ndiyo yanayomzuia aliyeiba redio ya jirani yako asiingie hapo na kutoka akipiga mluzi.

Njia ya mwisho ni fundi wa elektroniki, yule anayefungua simu na televisheni, si fundi wa injini. Ndani ya redio kuna kidude kidogo cha kumbukumbu ambacho hakisahau hata umeme ukikatika, na kwa redio nyingi za zamani namba imehifadhiwa humo. Fundi anakisoma kwa mashine iliyounganishwa na kompyuta na kuitoa. Mwambie akueleze kwanza atafanya nini, na mkubaliane kwamba analipwa redio ikisema.

Hapo pia utaona kwa nini ule ushauri wa mtaani wa kuiacha redio wiki nzima bila umeme "ijisahau" ni porojo. Kidude hicho kilitengenezwa makusudi kisisahau.

Usibahatishe, piga hesabu

Najua kishawishi. Utajaribu 0000, utajaribu 1234, utajaribu mwaka wa gari. Ngoja kwanza.

Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Volkswagen nyingi za zamani zinakupa nafasi mbili tu, kisha zinajifunga kwa takriban saa moja, na saa hiyo yote lazima redio iachwe ikiwa imewashwa. Majaribio mawili kwa saa ina maana saa 5,000 kumaliza michanganyiko yote. Hizo ni zaidi ya siku 208, usiku na mchana, bila kulala. Betri yako mpya itakufa wa kwanza.

Honda ni wakarimu kidogo. Wanakupa majaribio kumi kabla ya kukuweka kando kwa saa moja. Lakini namba zake nyingi za miaka ile ni za tarakimu tano, kwa hivyo kubahatisha bado ni kupoteza muda. Hizo nafasi chache ziweke kwa namba uliyoipata kwenye karatasi au kwa wakala, endapo utakosea kuibonyeza mara ya kwanza.

Wenye Toyota za Japani, hii ni yenu

Barabara zetu zimejaa Toyota zilizotumika Japani, na nyingi zina skrini kubwa ya ramani pale katikati. Ukikata betri, skrini inaonyesha namba ndefu ya ERC na kudai namba ya kufungulia. Nyingine zinalilia kadi ya SD ya ramani, ambayo huenda ilichomolewa zamani na mtu aliyehitaji mahali pa kuweka nyimbo. Kama kadi yako bado ipo, usiiguse.

Hapa utaratibu ni kupiga picha ile namba ya ERC jinsi ilivyo na kuipeleka kwa fundi anayezifungua. Hahitaji kuvunja dashibodi wala kubaki na gari lako usiku kucha. Akikwambia uliache, muulize kwa nini.

Lakini kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, jiulize unanunua nini. Redio za magari ya Japani nyingi zilitengenezwa kushika masafa ya FM kati ya 76 na 90. Stesheni zetu nyingi ziko kati ya 88 na 108. Yaani unaweza kulipia kufungua redio, kisha ukabaki na vituo vichache mno au mchakacho tu, hadi ununue kifaa cha kubadilisha masafa. Kama redio yako ilikuwa ikishika stesheni uzipendazo kabla betri kufa, basi kifaa hicho kipo tayari na inafaa kuifungua. Kama hukuwahi kuitumia kwa FM, linganisha gharama na ya redio mpya ya kawaida yenye Bluetooth. Wakati mwingine kuachana nayo ndiyo busara.

Bei tamu ina kesi

Kuna njia nyingine utakayopewa: "Achana na hiyo, nikupe redio kama yako, bei ya kutupa." Ukienda Grogan jijini Nairobi au kwa wauza spea wa Nakuru utapata wafanyabiashara wengi halali. Utapata pia wachache ambao redio zao zina waya zilizokatwa kwa wembe na hawataki maswali.

Waya zilizokatwa zinakwambia kitu. Anayetoa redio kwa haki huchomoa plagi. Anayekata waya alikuwa na haraka. Na Kanuni za Adhabu za Kenya, kifungu cha 322, zinasema anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Tena ukiifikisha nyumbani itakuuliza namba ya siri, na safari hii huna mwenye gari wa kumpigia. Dai risiti yenye namba ya utambulisho ya redio. Akikataa, ondoka.

Vivyo hivyo mtandaoni. Anayetaka picha ya redio anakusaidia. Anayetaka picha ya kitambulisho, logibuku na nambari ya siri ya M-Pesa ili "kuthibitisha" anakuvizia. Karatasi za gari mwonyeshe wakala ana kwa ana.

Fanya hivi wiki hii, redio ikiwa bado inaimba

Usingoje ikufie njiani. Tafuta kadi leo. Ukiipata, piga picha na uihifadhi kwenye barua pepe yako, kisha kadi yenyewe iweke nyumbani. Usiiache garini, maana mwizi atakayechukua redio atashukuru kwa kupewa na namba yake.

Ukienda kubadilisha betri, mwambie fundi mapema kwamba redio ina namba ya siri. Wapo wanaojua kushikilia umeme wa gari kwa betri ya pili wakati ile kuukuu inatolewa, na redio haishtuki. Lakini awe anajua kazi, kwa sababu waya zinabaki na umeme na kosa dogo linaunguza fyuzi.

Na siku utakayouza gari, usikabidhi ufunguo na logibuku pekee. Weka na ile kadi ndani ya bahasha, au andika namba kwenye jalada la kitabu cha mwongozo kwa mwandiko unaosomeka. Haitakugharimu chochote, na anayenunua hatakuwa na sababu ya kukupigia Jumapili jioni akiwa amekwama huko Kariandusi.