Homa Inapopanda Kichwani

Ndani ya kila mshipa wa damu, tangu ule mnene utokao moyoni hata ule wa ubongoni upitishao chembe moja moja, umetanda utando mwembamba wa seli, laini mno, ambao damu ya mtu mzima wa afya hupita juu yake pasipo kunasa. Mwili ukiingiliwa na maradhi, seli za kinga hutoa protini za kupeleka habari, na mashuhuri miongoni mwao ni TNF, iliyoelezwa na wataalamu wa New York mwaka 1975. Habari hiyo ikiufikia utando, seli zake huotesha, kwa muda wa saa chache, vishikizo kama kile kiitwacho ICAM-1, ili chembe nyeupe zipitazo kwa kasi zinase na kujipenyeza hadi mahali penye adui.

Mpango huo ni mwema, lakini vimelea wa malaria aina ya falciparum wameugeuza kuwa njia yao. Chembe nyekundu aliyomo kimelea aliyekwisha kupevuka huota vifundo vidogo, na kwa vifundo hivyo hung'ang'ania vishikizo vilevile. Damu ikasongamana katika mishipa ya ubongo, na mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi akapigwa na degedege jioni, asimtambue hata mamaye.

Ilidhaniwa kwamba TNF ikizuiwa, mtoto atanusurika. Nchini Gambia jaribio la dawa ya kuizuia lilifanywa kwa watoto 610 wenye malaria ya ubongo, na matokeo ya mwaka 1996 yakadhihirisha kuwa vifo havikupungua, na walionusurika wakabaki na taathira za ubongo walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliopewa dawa hiyo. Kwa maoni yangu faida ya jaribio hilo ni kubwa, maana lilituonyesha kwamba habari ikishafika utandoni, kumzuia mjumbe ni kazi iliyochelewa.

Iliyofaa ni artesunate, dawa imwuayo kimelea angali mchanga, kabla hajapata kunasa: katika jaribio la watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, wakiwamo wa Korogwe na Kilifi, lililotangazwa mwaka 2010, waliopewa artesunate walikufa 8.5 katika kila 100, ilhali waliopewa kwinini walikufa 10.9.

Basi, ewe mzazi, mtoto akishikwa na homa mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu, wala usingoje degedege.